Vespa ya Baba Ipakwe Rangi Gani?

MWANAIDI: Asalaam aleikum wasikilizaji, karibuni. Niko na kaka Salim. Leo mada ni rangi ya Vespa kuukuu, na nasema wazi kwamba nina maslahi: ile Vespa aina ya PX 150 ya marehemu baba kule Unguja imeshakwanguliwa, iko mabati matupu. Mama anataka nyeupe, mdogo wangu anataka ya kumetameta.

SALIM: Waaleikum salaam. Kabla ya nyeupe na kumetameta, dada, mabati yako wazi tangu lini?

MWANAIDI: Tangu juzi.

SALIM: Na nyumba iko karibu na bahari. Basi kutu imeshaanza, hata kama huioni. Pikipiki nyingi zina fremu ya mabomba, bodi imevalishwa juu yake. Vespa haina. Tangu ile ya kwanza ya mwaka 1946, aliyoibuni Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege na helikopta, bati lenyewe ndilo linalobeba uzito wote. Kutu ikila sakafu ya Vespa, imekula mfupa. Ndiyo maana mimi nauliza kwanza rangi hiyo italindaje bati, halafu ndipo nauliza ni nyekundu au buluu.

MWANAIDI: Haya, tulinde. Tunaanza na nini?

SALIM: Na maji baridi ya bomba, yaani yasiyo na chumvi.

MWANAIDI: Maji kwenye chuma?

SALIM: Ndiyo. Hewa ya bahari huacha chumvi juu ya bati, na chumvi hiyo ukiifunika kwa rangi huvuta unyevu kupitia rangi hiyohiyo. Baada ya muda unaona malengelenge, na watu wanamlaumu muuza rangi. Kwa hiyo osha, kausha haraka kwa hewa ya kompresa, piga msasa kuondoa ule wekundu, futa mafuta, kisha praima ya epoksi, ile rangi ya chini inayoshika bati, siku hiyohiyo. Usiliache bati lilale wazi. Epoksi inashika chuma vizuri na inazuia maji. Ila jua huifanya iwe unga kama chokaa, kwa hiyo lazima rangi ije juu yake, na ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukichelewa, unaikwaruza tena kwa msasa ndipo uendelee.

MWANAIDI: Na mabonde? Ubavu wa kulia umegongwa.

SALIM: Gongoa kwanza kwa nyundo mpaka bonde libaki dogo, puti, ile lami ya kujazia mabonde, ije mwisho, juu ya epoksi. Hapa naomba tusikilizane: puti ile ya kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, hunywa maji. Watu wanaisugua kwa msasa wa maji kwa sababu vumbi linapungua, halafu wanaipulizia praima ikiwa bado na unyevu tumboni. Puti isuguliwe kavu, namba 80 mpaka 180. Msasa wa maji subiri praima ya pili, ile inayopulizwa juu ya puti, namba 400 hadi 600.

MWANAIDI: Fundi mmoja ameniambia nipeleke bodi nzima kwenye rangi ya unga, ile inayochomwa kwenye oveni, niachane na habari ya puti.

SALIM: Rangi hiyo ni ngumu sana, naipenda kwa ringi na stendi. Lakini huchomwa kwenye nyuzi 180 hadi 200 hivi. Puti ya kawaida haivumilii moto huo, na tangi lililozibwa kwa risasi ya kuchomelea linaweza kuanza kuvuja. Ikija kuchubuka, huwezi kuiziba uani kwako. Bodi ya Vespa iliyogongwa mimi siipeleki.

MWANAIDI: Basi zinabaki za kupuliza. Kopo la dukani?

SALIM: Kopo la kawaida, na ile rangi ya zamani ya nitro, zote zinakauka kwa thina kuruka tu. Vespa mdomo wa tangi uko chini ya kiti. Kila ukijaza, tone linaangukia bodi. Petroli huilainisha rangi hiyo na kuacha doa. Tena nitro ukiipuliza hewa ikiwa nzito, inageuka nyeupe kama ukungu. Chukua rangi ya magari ya kuchanganya na hadina, ile wanayoiita tuu-kei. Ikikomaa, petroli haiigusi.

MWANAIDI: Nipulize mwenyewe uani?

SALIM: Hapana, dada yangu. Hadina hiyo ina kemikali iitwayo isosayaneti. Inaleta pumu, na mtu akishaathirika, hata kiasi kidogo baadaye kinaweza kumbana kifua. Huwezi kuinusa ukajua imepita kwenye barakoa. Nimeona mafundi wanapuliza wamefunga kitambaa puani, na roho inaniuma. Fanya nyumbani usafi, kunyoosha na kusugua. Epoksi pia uipulize na barakoa yenye vichujio vya kemikali, mahali pa wazi. Rangi ya mwisho mpe fundi mwenye chumba na barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba.

MWANAIDI: Nimekuelewa. Sasa turudi nyumbani kwetu: nyeupe au ya kumetameta?

SALIM: Kuna kipande chochote kilichobaki na rangi yake ya zamani?

MWANAIDI: Ndani ya kifuniko cha boksi la mbele. Si nyeupe, ni kama krimu.

SALIM: Alhamdulillahi, usikiguse kwa msasa! Jua halijafika hapo. Kipake polishi kidogo, peleka kwa wachanganyaji wa rangi za magari, waipulize kwenye kipande cha bati, mlinganishe nje mchana. Taa ya dukani inadanganya.

MWANAIDI: Na mdogo wangu?

SALIM: Ya kumetameta ina chembe za aluminiamu. Mkono ukienda kasi hapa na polepole pale, chembe zinalala vibaya, unapata mawingu. Ikichubuka, huzibi kiraka bila kuonekana. Krimu ya tabaka moja, isiyo na vanishi juu, ukiigusa baadaye unaweza kuisugua na kuipiga polishi. Na kadi ya pikipiki imeandikwa rangi. Mkibadilisha, toeni taarifa kwanza.

MWANAIDI: Ile pua ya mbele ni plastiki. Inapakwa hivyohivyo?

SALIM: Inataka praima yake ya plastiki kwanza, la sivyo itabanduka maganda. Nyingine yote ni ileile.

MWANAIDI: Ikitoka kwa fundi tunapanda siku hiyo?

SALIM: Inashikika kesho yake, lakini bado haijakomaa. Ipe kama wiki moja kabla ya kutia petroli, na ukifunga boliti weka washa za plastiki chini yake.