Andika Jina la Uliyempiga Picha

Assalaam alaykum. Shikamooni wazee wangu, nanyi vijana wenye kamera, karibuni Tanga. Nimeombwa nieleze maisha yangu katika picha za habari, lakini wanaonifahamu wanajua nitaishia wapi: kwenye maelezo ya chini ya picha.

Fungueni gazeti. Mkata mkonge ameinama, jasho linamtiririka, picha kali kweli. Chini yake: "Mkazi wa Tanga akiwa kazini." Mkazi yupi? Ukimsogelea utaona vidole vimejaa makovu ya miiba, utamwona anavyohesabu majani kabla ya kufunga mzigo, maana ujira wake ni kile alichokata. Mtu anahesabu hivyo, wewe unashindwa kumuuliza anaitwa nani?

Mtasema mhariri anataka picha kabla ya saa kumi. Jina na kijiji vinachukua muda gani? Kuna anayenong'ona huko nyuma kwamba picha ikiwa nzuri inatosha. Haitoshi! Mwaka 1936, huko California, Marekani, mpigapicha Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja na wanawe kwenye kambi ya wachuma njegere. Hakumuuliza jina. Gazeti likachapa, serikali ikapeleka chakula kambini, na chakula kinafika, mama na wanawe wameshaondoka. Picha ikazunguka dunia nzima. Dunia ikaja kumjua Florence Owens Thompson mwaka 1978, akiwa bibi, naye akalalamika kwamba hakupata hata senti. Msaada unamtafuta mtu, na mtu hatafutiki bila jina.

Sasa msije mkanielewa vibaya. Mtoto aliyedhulumiwa, au kibarua atakayefukuzwa kazi akionekana, huyo mfiche jina na sura pia. Lakini umfiche kwa kukubaliana naye, si kwa uvivu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 isomeni wenyewe, leo sina nafasi.

Kuhusu usalama nilikuwa na mengi. Mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Iringa, Septemba 2, 2012, akiwa kazini. Msiende peke yenu penye vurugu, na ofisini wajue mlipo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Habari ya malipo ya wapigapicha wa mikoani niulizeni kwenye maswali, nayo inaniuma.