Kwanza Kitabu, Podikasti Baadaye

Ndugu zangu, habari za jioni. Mliowahi kunisikia mnajua naelekea wapi, na leo pia sitabadili njia. Podikasti ya riwaya, yaani kile kipindi cha kwenye simu ambamo watu wanakijadili kitabu, isikilizwe baada ya kusoma. Isiwe kabla, na kamwe isiwe badala ya kusoma. Nikisema hivi wapo wanaodhani naichukia podikasti. Naipenda mno, ndiyo maana inaniuma kumwona mtu amevaa spika za masikioni kutoka bandari ya hapa Mwanza mpaka Nansio, kisiwani Ukerewe, saa tatu na ushee majini, anashuka anasimulia kitabu ambacho hajakifungua hata jalada.

Kikundi chetu cha Kirumba kilikuwa kinasoma riwaya ya Aniceti Kitereza, ile ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Sitapoteza muda kumtambulisha. Watu wa Mwanza tusipomjua Mkerewe huyu, nani atamjua? Nakumbusha tu kwamba aliiandika kwa Kikerewe, akaimaliza 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapwa 1980. Miaka 35! Mwaka uliofuata akafariki. Kazi iliyosubiri hivyo, wewe unataka upewe muhtasari wake wakati unapiga pasi?

Tulikuwa tumefika pale Myombekere anapokwenda ukweni. Mnapakumbuka: Bugonoka hajapata mtoto, amesimangwa na ndugu za mume, wazazi wake wamemchukua. Mume anamtaka mkewe, wakwe wanataka kwanza pombe ya ndizi. Tukasoma kwa zamu, kwa sauti, mpaka tukamaliza. Kisha tukaiweka simu ndani ya bakuli la bati katikati ya meza ili isikike vizuri, tukawasikiliza vijana wawili wakiijadili sehemu ile ile. Mmoja akasema habari za pombe zimerefushwa mno, zingepunguzwa. Mwenzake akakubali, wakaziruka.

Pale tulikuwa na mama mmoja mzaliwa wa Ukerewe. Miezi miwili hakuwahi kusema zaidi ya salamu. Akanyoosha mkono, akaisimamisha simu, akasema, "Wanangu hawa hawajawahi kuvundika ndizi."

Akatueleza. Mkungu unakatwa umekomaa lakini bado mbichi. Linachimbwa shimo, linapashwa moto, linatandikwa majani ya mgomba, ndizi zinafukiwa humo siku kadhaa mpaka zilainike. Zinamenywa, zinakandwa pamoja na nyasi mpaka zitoe maji, maji yanachujwa, unatiwa unga wa mtama uliokaangwa, chombo kinafunikwa, kinaachwa. Huku anaeleza, vidole vyake vinakanda hewa juu ya meza. Alipomaliza akakivuta kitabu kwake, akauliza, "Sasa siku zote hizo, mke wa huyu bwana yuko wapi?"

Yuko kwao. Hakuna aliyejibu, lakini kila mmoja alishaanza kufungua kurasa kurudi nyuma. Tukaisoma tena sehemu ile, na safari hii tulikuwa tunangoja pamoja na Myombekere. Ndizi zisizoiva leo zina maana kwamba leo pia analala nyumba haina mke. Ule urefu ndio kisa chenyewe! Wakwe wale, ninavyowasoma mimi, hawakuwa na kiu ya pombe. Walitaka kumwona mwanamume akihangaika kwa ajili ya binti yao, na Kitereza anataka nasi tukae tumwone.

Sasa angalieni jambo hili kwa makini, maana ndilo lililonileta. Vijana wale wasingekosea, mama asingefungua mdomo. Na sisi tusingekuwa tumesoma, tusingejua kwamba wamekosea. Tungeitikia tu, "kweli, ni ndefu," tukaenda zetu.

Mtaniuliza, kwa hiyo hata podikasti mbovu inafaa? Hapana, jamani. Tafuteni ile ambayo wazungumzaji wanasoma sentensi za kitabu chenyewe, wanataja ukurasa, na wanabishana. Wakikubaliana kila kitu tangu mwanzo hadi mwisho, izimeni. Na kabla ya kuiwasha, andika swali lako moja kwa penseli pembeni mwa ukurasa. Wakilijibu, simamisha urudi kitabuni uone kama jibu lao linasimama. Wasipoligusa, hilo ndilo la kujadili na wenzako.

Mwingine atasema hana muda. Mama niliyewaambia anauza dagaa soko la Mwaloni, anaamka saa kumi alfajiri, na anasoma kurasa nne kila siku. Habari ya muda sitaki kuisikia tena.

Bando? Mmoja ashushe kipindi, wengine awarushie. Kwamba nyingi ni za Kiingereza, ni kweli, na inanisikitisha. Jirekodini wenyewe. Mkimaliza sura, kila mtu aseme dakika mbili kwenye simu, mhifadhi, na mkimaliza kitabu msikilize mlivyokuwa mkikielewa mwanzoni. Hili lilistahili jioni yake.

Nilitaka pia kumgusa mwandishi Kezilahabi, Mkerewe mwingine, lakini msimamizi ananionyesha saa. Basi. Jumamosi tuko pale pale Kirumba, sura inayofuata. Anayekuja aje na kitabu chake, hata cha kuazima. Simu itakaa ndani ya bakuli, imezimwa, mpaka msomaji wa mwisho amalize.