IST ya Zamani na IST Mpya: Tuliyoyaona Tukipanda Lushoto

ZAINA: Assalaam aleikum wapenzi wasikilizaji. Tupo Tanga, Raskazone, dirisha tumeliacha wazi kwa ajili ya joto, kwa hiyo mkisikia upepo wa bahari ndio huo. Mimi ni Zaina, nipo na mdogo wangu Hamza, fundi wa magari wa Ngamiani.

HAMZA: Waaleikum salaam, da Zaina. Salaam kwenu nyote mnaotusikiliza.

ZAINA: Leo tunaongelea IST, ile gari ya Toyota. Mimi ninayo ile ya kwanza, ya mwaka 2004, usajili wa namba C, na imenibeba miaka 9. Sasa kuna mgosi mmoja anauza IST ya umbo jipya, ya mwaka 2009. Mimi nimeipenda. Hamza hajaipenda.

HAMZA: Gari nimeipenda. Nisichotaka ni uinunue kwa macho tu.

ZAINA: Haya, tuanzie huko huko kwenye macho, maana ndiko sote tunakoanzia. Ukiziegesha pamoja unaona nini?

HAMZA: Naona gari mbili zenye jina moja. Ya kwanza ilitoka Japani mwaka 2002, ya pili 2007. Ya kwanza ina upana wa milimita 1695. Wajapani wana kundi lao la gari ndogo, na mwisho wa upana wake ni milimita 1700. Hii mpya wameitanua mpaka 1725, ikatoka kwenye kundi. Halafu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma wameongeza sentimita 9, toka milimita 2370 mpaka 2460.

ZAINA: Hizo sentimita 9 mimi sikuzipima kwa futi, nilizipima kwa goti la mama. Mama ana goti linalomsumbua siku nyingi. Kwenye gari yangu anakaa kwanza, miguu ikiwa nje, kisha anaushika mguu kwa mikono miwili anauvuta ndani taratibu, na mimi nasubiri na mlango mkononi. Tulipompandisha kwenye ile mpya, aliingiza mguu mwenyewe. Akakaa, akaangalia mbele, akasema, "Twende." Hamza, nikuambie kweli, pale pale moyo wangu ulishanunua.

HAMZA: Na hilo sikupingi. Ukaaji wa nyuma ni bora, viti vimenona, kelele za barabarani zimepungua. Hata dashibodi. Ile ya kwanza mshale wa spidi uko katikati ya gari, dereva anatupa jicho pembeni. Hii umerudishwa mbele ya dereva, na mshale wa mizunguko ya injini umeingizwa humo humo kwenye duara moja.

ZAINA: Duara hilo sikulipenda. Mishale miwili inazunguka pamoja, siku ya kwanza nilikuwa sijui nasoma upi. Lakini ni mazoea tu. Lililonitia hofu ni dirisha la nyuma.

HAMZA: Eleza, maana hilo ni zito.

ZAINA: Nilikuwa Ngamiani, natoka kinyumenyume mbele ya duka. Nimeangalia kioo cha ndani, hamna kitu. Nimegeuza shingo, hamna kitu. Nikaachia breki. Nikasikia kengele ya baiskeli, kring, mara moja tu. Nikakanyaga. Kijana alikuwa na trei la mikate nyuma ya baiskeli, yupo pale pale kwenye kona ya gari, na wala sikumwona. Ile nguzo ya bodi kati ya mlango wa nyuma na buti ilimfunika mzima mzima, yeye na mikate yake.

HAMZA: Wameinua mstari wa madirisha, vioo vya nyuma vikawa vidogo, na nguzo imenenepa. Ndiyo inayoipa ule umbo wa kibabe watu wanaoupenda. Kwa mji wa baiskeli kama Tanga, mimi naona ni kasoro kubwa. Ukiinunua, weka kamera ya nyuma kabla ya kufikiria muziki au rimu.

ZAINA: Nitaweka. Kwa hilo umeshinda.

HAMZA: Sitaki kushinda, nataka yule kijana afike na mikate yake. Haya, twende Lushoto.

ZAINA: Wasikilizaji, wiki mbili zilizopita tulizipeleka gari zote mbili. Tulilala Mombo, asubuhi tukaanza kupanda. Ni kama kilomita 33, lami, lakini wanaoijua njia ile wanajua: mlima upande mmoja, korongo upande wa pili, kona juu ya kona mpaka Soni. Mimi nikaendesha yangu ya zamani, Hamza akaendesha ile mpya. Soni tukabadilishana.

HAMZA: Na sote tulibeba mzigo sawa. Watu wawili wawili na gunia moja moja la machungwa ya Muheza.

ZAINA: Ambalo kwenye mpya halikuingia kwenye buti mpaka tulaze kiti. Kwa nje gari imekua, lakini buti bado ni la vikapu vya sokoni.

HAMZA: Sasa hapa ndipo ningependa tukae kidogo. Injini za gari hizi mbili tulizopanda nazo ni ile ile, 1NZ, cc 1497. Ndiyo iliyomo kwenye Probox, kwenye Raum, kwenye Vitz nyingi. Inatumia cheni, si mkanda wa taimingi. Spea zake Tanga zimejaa. Kuna mpya nyingine yenye injini ya lita 1.8, hiyo leo tuiache. Tofauti iko kwenye gia boksi. Ya kwanza ni otomatiki ya gia 4. Ukipanda mlima unaisikia: inavuta, inashuka gia, inanguruma, inavuta tena.

ZAINA: Na inakutikisa kidogo kila ikibadilisha. Nimeizoea, naijua kama ninavyojua kikohozi cha mtu wa nyumbani.

HAMZA: Mpya ya 1.5 inayovuta kwa tairi za mbele ina CVT. Humo hakuna gia za kuhesabu. Kuna puli mbili, na kati yake mkanda wa chuma. Puli zinajibana na kujiachia, mkanda unapanda na kushuka juu yake, basi uwiano wa mizunguko kati ya injini na tairi unabadilika bila mtikisiko.

ZAINA: Ndiyo maana nilipoishika kutoka Soni nilishangaa. Nakanyaga, sauti ya injini inapanda, inaganda hapo hapo, na gari inaongeza mwendo taratibu kama maji yanavyojaa ndoo. Mwanzo nilidhani inateleza.

HAMZA: Ile si kuteleza, ndivyo ilivyoundwa. Injini inashikiliwa kwenye mzunguko unaofaa, na ikiwa nzima inasaidia hata mafuta. Tatizo langu ni pale "ikiwa nzima". Ndani ya CVT, oili ndiyo inayozibana puli, ndiyo inayopoza, ndiyo inayofanya mkanda ushike bila kutafuna chuma. Ni oili yake maalumu. Ukiitia oili nyekundu ya otomatiki za kawaida, kwa siku chache gari itatembea vizuri tu, utadhani umeokoa pesa. Kisha inaanza kutetemeka ukiondoka taa ikiwaka kijani. Kisha inavuma. Kisha siku moja, na inakuwa kwenye kilima, injini inanguruma na gari haiendi.

ZAINA: Unalisema kwa uchungu.

HAMZA: Kwa sababu nimeipokea gari ya namna hiyo. Mama mmoja wa biashara, gari yake ilikuwa nzima. Gereji moja ikamwagia oili isiyo yake, na hakuambiwa. Kisha ikavutwa kwa kamba, tairi za mbele zikiwa chini, njia nzima. CVT ikifa haivutwi hivyo. Inanyanyuliwa mbele, au inapakiwa. Niliposhusha sampo, lile bakuli la oili chini ya gia boksi, sumaku za ndani zilikuwa zimeota unga wa chuma mzito kama masizi ya sufuria. Alinitazama usoni, nikakosa la kumwambia.

ZAINA: Lakini Hamza, je, ni haki kuilaumu gari kwa kosa la fundi?

HAMZA: Siilaumu. Nasema gari haiishi peke yake, inaishi na mafundi wake. Ile ya gia 4 inamsamehe fundi mengi. CVT haimsamehe. Mtu anayekaa kijiji cha mbali, anayetengenezea gari kwenye gereji yoyote iliyo karibu, mimi nitamwambia abaki na ya kwanza, na nitamwambia nikimwangalia machoni.

ZAINA: Mimi naishi Chumbageni, fundi wangu ni wewe.

HAMZA: Basi kwako hesabu inabadilika. Swali linakuwa: aliyeimiliki kabla yako aliitia oili gani?

ZAINA: Nilimuuliza. Alisema, "Oili imebadilishwa, dada, usiwe na wasiwasi." Nikamuuliza oili gani. Akasema nzuri.

HAMZA: "Nzuri" haijaandikwa kwenye kopo lolote.

ZAINA: Kuna msikilizaji wa Muheza ametuma ujumbe, anataka kuagiza mwenyewe Japani, na anauliza kama ya injini ndogo itampunguzia ushuru.

HAMZA: Kwa gari hizi, injini haimsaidii. Iwe 1.3 ya zamani, 1.5 au 1.8, zote ziko kundi moja la ushuru wa bidhaa, kati ya cc 1000 na 2000. Kinachouma ni umri. Gari ikizidi miaka 8 kuna ushuru wa uchakavu, ikizidi 10 unakuwa mkubwa zaidi. Aingie kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, aweke mwaka wa kutengenezwa, aone jumla kabla hajatuma hata shilingi. Na aombe picha za chini ya gari. Zinazotoka Hokkaido, kaskazini mwa Japani, zimetembea kwenye barabara zilizomwagwa chumvi wakati wa theluji. Ukija nayo huku pwani, ukaiongezea chumvi ya bahari, kutu inapata mwenziwe.

ZAINA: Hii ya kwetu chini ikoje?

HAMZA: Chini ni safi. Bushi za mbele, zile raba za kwenye miguu ya gari, zimekufa, hizo ni kazi ya nusu siku. Tairi ni za rimu 16, yako ni 15, kwa hiyo hata zile mbili mpya ulizonunua juzi hazihamii.

ZAINA: Hilo nililijua, nikanyamaza. Haya, sema msimamo wako.

HAMZA: Kama akikubali nifungue sampo mbele yake, nione sumaku, na tukatia oili ya CVT yenyewe, inunue. Akikataa, tuachane naye hata akishusha bei.

ZAINA: Mimi bado naitaka, kwa ajili ya mama. Lakini sampo ifunguliwe, nimekubali. Jumamosi saa moja asubuhi, nyumbani kwake.

HAMZA: Mwambie asiiwashe kabla hatujafika. Nataka niisikie ikiwa baridi.

ZAINA: Nimeshamwambia. Akasema hamna shida.

HAMZA: Basi nitakuja na tochi na beseni la oili.