Mwimbaji Amekwenda Wapi? Mhadhara Kuhusu Albamu ya Above

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, walimu wenzangu, na ninyi vijana mlioacha mpira wa Jumamosi jioni mkaja kukaa na mstaafu: mwadila. Waliowahi kunisikia wanajua nitakachosema, na wengine naona wameshaanza kutabasamu kabla sijafungua daftari. Tabasamuni tu. Safari hii nimekuja na spika.

Sitapoteza muda kueleza Seattle iko wapi, wala jinsi roki ya mji ule ilivyotapakaa duniani mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa kuwa hata mpenzi wa rumba aliyeketi pale nyuma amewahi kumwona kijana wa hapa Mwanza amevaa fulana ya Nirvana pasipo kujua kwamba ni kundi la muziki. Nimekuja kwa ajili ya albamu moja, Above, iliyotolewa tarehe 14 Machi 1995 na Mad Season, kundi la mji huohuo wa Seattle, Marekani, ambalo halikujaliwa kukamilisha albamu ya pili. Siwezi kusema ilidoda sokoni, kwa maana ilifika nafasi ya 24 katika chati ya albamu ya Billboard na ikapata hadhi ya dhahabu, ambayo kwa Marekani ni nakala 500,000. Lakini ndugu zake wa ukoo huohuo, albamu za Pearl Jam na za Alice in Chains, makundi mengine ya Seattle, ziliuzwa kwa mamilioni, na kila nikutanapo na mtu anayejigamba kuijua roki ya enzi zile hunitajia hizo. Nikimtajia Above hunijibu, "Aa, ile yenye River of Deceit," kana kwamba ni albamu ya wimbo mmoja. Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

Darasani tulifundisha tofauti ya diwani na utenzi. Diwani unaweza kuifungua popote, ukasoma shairi la ukurasa wa 40, ukala chakula chako, ukalala. Utenzi haukubali hivyo. Ubeti wa 200 unategemea ulichokipata katika ubeti wa 10, na anayechomoa ubeti mmoja akauimba harusini hana haki ya kutuambia utenzi mzima unasema nini. Albamu nyingi za roki ni diwani. Above, nasema, ni utenzi wa nyimbo kumi unaochukua takribani dakika 55, na habari yake ni moja: mtu aliyetawaliwa na heroini, anayeambiwa aamke, anayejieleza, anayejitetea, anayechoka kujitetea, na mwishowe ananyamaza.

Najua kuna atakayenyoosha mkono kuniambia kwamba wenyewe hawakuwahi kutangaza kuwa wanasimulia kisa kimoja. Ni kweli, na kwangu hilo halina uzito hata kidogo, kwa sababu kisa kilikuwa kimekaa nao chumbani. Mike McCready, mpiga gitaa wa Pearl Jam, alikwenda kutibiwa uraibu huko Minnesota mwaka 1994, na hukohuko kwenye matibabu akakutana na John Baker Saunders, mpiga besi aliyelelewa na bluzi. Waliporudi Seattle wakamchukua Barrett Martin, mpiga ngoma wa Screaming Trees, na McCready akamwita Layne Staley, mwimbaji wa Alice in Chains, ambaye heroini ilikuwa imemshika kooni, akitumaini kwamba kukaa miongoni mwa watu walioacha kungemsaidia naye aache. Akamkabidhi maneno yote ya nyimbo, isipokuwa pale alipoingia Mark Lanegan, mwimbaji wa Screaming Trees, kumsaidia. Muziki wa ala ulikamilika kwa takribani wiki moja, na sauti ya Staley kwa siku chache zaidi. Picha ya jalada aliichora mwenyewe. Sasa niambieni: mgonjwa anayeandika maneno ya albamu nzima kwa siku chache, akiwa amezungukwa na wagonjwa waliopata nafuu, ataandika kuhusu nini kingine? Kuhusu bei ya sangara?

Wimbo wa kwanza, Wake Up, yaani "Amka", unaingia polepole kwa besi, na unachukua zaidi ya dakika saba. Kuna kijana anayeambiwa kwamba muda umefika, kwamba yale mapenzi ya miaka kumi na yafike mwisho, kwamba kujiua taratibu si njia. Wasikilizaji wengi hudhani huyo ni mzee anayemwonya kijana. Sikilizeni tena: ni mtu anayejiamsha mwenyewe, na mtu anayejiamsha mwenyewe ana tatizo la wazi, kwa kuwa anayeita na asiyesikia wamelala kitanda kimoja.

Ndipo unakuja wa tatu, River of Deceit, huo mnaoupenda. Staley alikuwa akisoma kitabu cha Kahlil Gibran, mshairi wa Lebanoni, kiitwacho The Prophet, na humo ndimo lilimotoka wazo kwamba maumivu yangu nimejichagulia mwenyewe. Watangazaji wa redio wanaupiga usiku kama wimbo wa kubembelezea, na wahubiri wawili watatu wamewahi kuniambia kwamba ni ungamo zuri: mlevi amekiri kosa lake. Naomba mnivumilie hapa, maana nimelisema jambo hili mara nyingi mno na bado halijaeleweka. Anayesema "nimejichagulia" hajakiri chochote, anadai umiliki. Anajifariji kwamba kama mlango aliufungua yeye, basi na ufunguo uko mfukoni mwake. Mraibu yeyote wa unga atakwambia kwamba hayo ndiyo maneno ya mwanzo kabisa: naacha nikitaka. Jina la wimbo wenyewe ni "Mto wa Udanganyifu", na ndani yake tunaambiwa kwamba mto huo una uelekeo mmoja tu, nao ni chini. Sisi wa Mwanza hatuhitaji mfasiri. Tumeuona mto Mirongo baada ya mvua ya usiku, unavyoshuka mjini na chupa, kandambili na mifuko, vyote vikielekea ziwani, na sijapata kuona kandambili iliyochagua kurudi mlimani.

Kisha ruka hadi wimbo wa saba, na ninasema ruka kwa kuwa muda ni mdogo, ingawa ninyi nyumbani mkiruka tutakosana. Unaitwa I Don't Know Anything, na kiitikio chake ni hichohicho kikirudiwarudiwa: sijui chochote. Katika wimbo wa tatu alijua kila kitu, hadi chanzo cha maumivu yake. Katika wa saba hajui kitu. Anayesikiliza wa tatu peke yake amesikia dai, akaondoka mahakamani kabla ya hukumu.

Niwape kisa cha fundi, na wale mnaokijua mkae kimya.

Mwaka 1998 nilikuwa na kanda ya dakika 60, aliyonirekodia mwalimu mgeni aliyefundisha nasi. Albamu hii iliingia humo utadhani imepimwa: nyimbo tano upande wa kwanza, tano upande wa pili. Rafiki yangu alikuwa fundi wa mashine za boti, karibu na Mwaloni kule Kirumba. Alikuwa ameishi Dar es Salaam miaka kadhaa, akarudi na unga mwilini, na mama yake akamfungia chumba cha uani akapambana na arosto humo, anatapika, anatetemeka, anaomba afunguliwe. Siku ninayoisimulia alikuwa na mwaka mmoja hivi hajagusa. Kiingereza chake kilikuwa cha vipuri: plagi, gasketi, pistoni, basi. Nikaweka kanda kwenye redio yake, iliyokaa juu ya sanduku la spana, upande wa pili kwanza kwa sababu wa kwanza ulikuwa umefika mwisho na bado nilikuwa sijaurudisha kwa kalamu. Yeye alikuwa anaosha kabureta ndani ya beseni la petroli, harufu ya petroli na ya dagaa zikishindana.

Ukaisha wa sita, wa saba, wa nane. Ukaingia wa tisa, November Hotel, ambao ni ala tupu kwa zaidi ya dakika saba. Akaendelea kuosha kwa muda, kisha mikono ikasimama mlemle ndani ya beseni. Akauliza, "Mwalimu, mwimbaji amekwenda wapi?"

Nikamweleza, kwa ile sauti yetu ya ualimu, kwamba huu ni wimbo usio na maneno, ni mtindo wa kawaida. Akanikatalia. "Hapana. Mtu alikuwa anaongea muda wote, tena analia, mara ghafla haongei, na wenzake wanaendelea kupiga tu. Hakuna aliyekwenda kumwangalia?" Nikakosa la kusema. Ukaja wa kumi, All Alone, ambamo sauti inarudi na maneno machache sana, kwamba sote tuko peke yetu, yanarudiwa mpaka yanayeyuka. Fundi akasikiliza hadi mwisho, akafuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Amerudi. Lakini hakurudi na kitu." Halafu akaniambia nitafute kalamu, nirudishe ule upande wa kwanza.

Wakati huo wanamuziki wote wanne walikuwa hai. Saunders alifariki Januari 1999 kwa heroini kuzidi mwilini. Staley alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 34, na tarehe yake hukadiriwa kuwa 5 Aprili, kwa sababu mwili ulikutwa nyumbani kwake tarehe 19, baada ya wiki mbili. Fundi alikuwa ameuliza swali hilo miaka minne kabla, mikono ikiwa ndani ya petroli. Nimesoma tahakiki nyingi za albamu hii na sijakutana na iliyouliza hivyo.

Mtaniuliza kama nyimbo za namna hii haziwavuti vijana kwenye dawa za kulevya. Naulizwa kila mara, kwa kawaida na mtu ambaye hajamaliza hata upande mmoja. Onyesheni sekunde moja ndani ya dakika hizo 55 ambapo heroini inaonekana tamu. Hakuna sherehe humo, hakuna wenzako, hata muuzaji hayumo. Vijana wetu walikuwa wakifyonza viroba, vile vifuko vya pombe kali, hadharani mpaka serikali ilipovipiga marufuku mwezi Machi 2017, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemsikia Layne Staley. Muziki wa baa waliokuwa wakiufyonzea ulikuwa wa furaha tupu. Na ninyi mnaosema teja ni teja, hasikii, mjue kwamba Muhimbili walianza kutoa methadoni, dawa ya kumtibu mraibu wa heroini, mwaka 2011, na watu wanaamka alfajiri kuipanga foleni, kila siku. Asiyesikia hapangi foleni alfajiri.

Nimeletewa karatasi. Mwenyekiti anasema dakika tano, na nilikuwa na hoja nne zaidi. Nitataja moja na kuzika tatu. Katika wimbo wa nane, Long Gone Day, Martin anapiga marimba, chombo ambacho jina lake limetoka katika lugha zetu za Kibantu, na juu yake kuna saksafoni ya Skerik na ile sauti nzito ya Lanegan aliyetutoka mwaka 2022. Ndio wimbo pekee humo wenye jua, na jua lenyewe ni la siku iliyokwisha kupita. Mengine, yaani onyesho la ukumbi wa Moore la tarehe 29 Aprili 1995 na toleo jipya la mwaka 2013 lenye nyimbo alizomalizia Lanegan, mtayatafuta wenyewe. Mna simu, tena za bei kuliko mshahara wangu wa mwisho.

Fundi mitambo, tuwekee kuanzia wa nane, usiruke, na wa tisa ukiingia usidhani spika imekufa ukaanza kuchezea nyaya. Anayetaka kutoka atoke sasa, kwa sababu mlango ule unalia, na sitaki unilie katikati ya wimbo wa kumi.