Kamba ya Kisima: Zana Zipi za Mtandao Ziwemo Tangu Mwanzo

Ndugu zangu, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili. Nalisema tena kwa sababu bado napigiwa simu usiku.

Anayeamua programu zipi ziingie kwenye Linux inaposakinishwa, ajiulize swali moja: mtandao ukikatika, hiki nitakipata wapi? Zana ya kuutibu mtandao haiwezi kuungoja mtandao. Kamba ya kisima haiwekwi chini ya kisima.

Mwaka juzi kijana niliyemfundisha alinipigia kutoka shule moja ya bweni nje ya Tabora. "Shikamoo mwalimu. Shule nzima haina intaneti, na seva haina ifconfig." Hiyo ni amri ya zamani ya kuonyesha anwani za mtandao za mashine. Seva ilikuwa Debian, mojawapo ya aina za Linux. Alijaribu kuisakinisha kwa apt, zana ya Debian inayoleta programu kutoka mtandaoni. Apt ikahangaika, isifike popote. Simu yake kitochi. Akapanda bodaboda hadi mjini, akapakua kifurushi cha net-tools chenye ifconfig, akakitia kwenye flashi, akarudi. Saa tatu hizo. Akaendesha ifconfig, ikamwonyesha anwani moja, sahihi kabisa. Basi akabadilisha waya. Akabadilisha swichi. Nikamwambia: andika ip addr, amri mpya ya kazi hiyo hiyo. Kimya. Halafu nikasikia, "Mwalimu, ziko mbili!" Ya pili ilikuwa anwani ile ile ya ruta, kifaa kinachoiunganisha shule na intaneti; aliyemtangulia kazini aliiongeza kwenye faili la mipangilio, akaondoka zake. Kompyuta za shule zikiuliza ruta ni nani, mara ijibu ruta, mara ijibu seva.

Kwa nini ifconfig haikuiona? Huiuliza kerneli, yaani kiini cha Linux, kwa njia ya kale iitwayo ioctl, ambayo hurudisha anwani moja tu kwa kila jina la mlango wa mtandao. Amri hiyo asili yake ni BSD, mfumo wa jamii ya Unix, ya miaka ya 1980. Amri ya ip, iliyomo katika kifurushi cha iproute2, huongea na kerneli kwa njia mpya zaidi iitwayo netlink, hupewa orodha nzima. Na ilikuwamo kwenye seva ile tangu siku ya kwanza! Debian waliitoa net-tools katika usakinishaji wa kawaida tangu toleo la 9, mwaka 2017. Walifanya vyema. Sisi walimu ndio tuliobaki na ifconfig kwenye vitini vyetu, na kijana yule alilipa kwa nauli yake.

Najua kuna anayetaka kusema: si waziweke zote mbili, diski siku hizi ni kubwa? Tatizo si diski. Fundi aliyechoka saa nane za usiku huikimbilia amri aliyoizoea, na hiyo ndiyo inayomficha jambo.

Swali langu ndilo lililowasumbua hata wenye Wi-Fi. Kadi nyingi hazifanyi kazi bila fimwea, programu inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe, na kwa miaka mingi Debian haikuweka fimwea isiyo huru, yaani isiyoruhusu kila mtu kuisoma na kuibadilisha, kwenye kisakinishi chake rasmi. Laptopu isiyo na tundu la waya ikahitaji mtandao ili ipate mtandao! Waliotetea uhuru wa programu walikuwa na hoja, naiheshimu. Lakini mwaka 2022 wanachama walipiga kura, na Debian 12 ya mwaka 2023 ikatoka na fimwea ndani. Nilishangilia.

Muda umekwisha, niharakishe. Ping, ya kujua kama mashine nyingine inafikika, iwemo. Amri ya ss, inayoonyesha miunganisho iliyo wazi, huja pamoja na ip. Dig iwemo, maana bila hiyo utajuaje kama kosa ni la DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani? Tcpdump, inayoonyesha data zinazopita kwenye mtandao, nami naitaka ndani. Wanaohofia usalama wakumbuke kwamba inahitaji mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mashine, na mwizi aliyekwisha kupata root hatazuiwa kwa kukosa tcpdump. Kontena, yaani mazingira madogo ya kuendeshea programu ndani ya mashine nyingine, ni habari nyingine: ile ya Debian kwenye Docker, zana ya kuendesha kontena, haina ip wala ping, nami sina ugomvi, kwa kuwa mashine iliyoibeba inazo. Nmap ya kuchunguza mashine za mtandao, curl ya kupakua, iperf ya kupima kasi, zisubiri. Mtandao ukishasimama, apt itazileta.