Jamani sijabadili dini! Kuhusu lile hekalu la Neasden

Mambo vipi familia. Leo sikupanga kurekodi, ila tangu niposti zile picha za hekalu la Wahindu hapa Neasden, London, kila nikifungua komenti ni yale yale, umeingia kwa shi ngapi na umebadili dini lini. Sijabadili. Na kabla hamjasema najishaua na Ulaya, mi napanga chumba kimoja na dipoziti ya chumba cha zamani sijarudishiwa mpaka leo.

Kiingilio hakuna, bure! Nchi hii juzi tu narinyuu viza, hela ya matibabu unayolipishwa pamoja na viza peke yake pauni 1,035 kwa kila mwaka, bado ada ya maombi, na jamaa niliyemlipa anijazie fomu akakosea tarehe yangu ya kuzaliwa, nikaanza upya. Aah, tuache.

Picha zote ni za nje kwa sababu ndani hawaruhusu kupiga, sio kwamba nawaficha. Lile jengo lilifunguliwa 1995, mawe yametoka Bulgaria na marumaru Italia, yakapelekwa India kwa meli yakachongwa kwa mkono, vipande zaidi ya elfu 26 vikaletwa huku kuunganishwa, na hamna chuma kilichoshikilia yale mawe. Watoto wao walikuwa wanaokota makopo ya soda wanauza kuchangia ujenzi.

Halafu zile tunazoita sanamu, kwao zikishawekwa wakfu mungu yumo humo. Asubuhi anaamshwa, anaogeshwa, anavishwa, analetewa chakula, mchana anapumzika. Mi mara ya kwanza nimefika nakuta pazia limefungwa, nikajua nimefukuzwa kumbe amelala! Ukibahatika kumuona, kule kuonana naye ndiyo ibada yenyewe, wanaita darshan.

Sasa nahangaika na viatu, nikasikia nyuma yangu "mwanangu, weka kule." Bibi wa Kigujarati, mzaliwa wa Tanga. Nikampa shikamoo akaitika marahaba, akaniuliza kama madafu bado yanauzwa barabarani, nusu nilie. Wengi pale wametoka Kenya, Uganda na kwetu, ya Amin kuwafukuza Wahindi Uganda 1972 si mnayajua.

Mi sikwambii uende, kila mtu na imani yake. Ila mi narudi siku ya Annakut, baada ya Diwali, ile sikukuu yao ya taa, vyakula vinapangwa mbele ya miungu kama mlima.

Mama, kama unaangalia, Jumapili nilienda kanisani kama kawaida, usimsikilize shangazi.