Nehemia Hakusikia Sauti: Kuupima Wito wa Mungu

Bwana Yesu asifiwe. Fungueni kitabu cha Nehemia, sura ya 1 na ya 2, mkiache wazi, maana tutakirudia mara kwa mara.

Wengi wetu tunamngoja Mungu aseme kwa ndoto, kwa sauti, au kwa mtumishi atakayetuita mbele ibadani. Nehemia hakupata hata kimoja. Kisomeni kitabu chake chote: hamna malaika wa kumtokea, hamna ndoto. Yupo mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi huko Shushani, anapata habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka na malango yameteketezwa, anaketi na kulia. Baadaye anasema ni Mungu aliyemtia moyoni alichokusudia kuufanyia mji. Wito wake ulianza na mzigo uliokataa kutoka.

Sasa angalieni miezi. Habari zilimfikia mwezi wa Kisleu, na alizungumza na mfalme mwezi wa Nisani. Hiyo ni kama miezi 4. Hapo katikati alifunga, aliomba, alitubu dhambi za taifa akijihesabu mmoja wao, na kazini aliendelea kwenda. Hili nalisema kwa mkazo, hasa kwa vijana wanaoandika barua ya kuacha kazi juma moja tu baada ya mkesha.

Tena hakuomba huku amekunja mikono. Mfalme alipomuuliza anataka nini, aliomba palepale kimoyomoyo, kisha akataja muda atakaokuwa safarini, barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, yaani Frati, na barua kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, apewe miti ya malango, ya ukuta na ya nyumba atakayokaa. Mtu hajibu hivyo kwa kubahatisha. Alikuwa ameshapiga hesabu.

Kwa hiyo ukiona Mungu anakuita uende chuo cha Biblia, au uhamie kijijini kuhudumu, chukua daftari. Andika tarehe, andika jambo lenyewe kwa sentensi moja, kisha sababu unazoamini zimetoka kwa Mungu. Ukurasa wa pili andika zile nyingine: kutaka cheo, hasira na bosi, kukimbia madeni. Huu ndio ukurasa watu wanaouruka, na ndio unaofichua mengi. Liombee jambo hilo miezi 3 au 4, kwa siku uliyoipanga kila juma. Mweleze mume au mke wako kabla hujamfikia mchungaji. Hesabu karo, kodi ya nyumba, na nani atawatunza wazazi. Mzigo ukififia njiani, usijilaumu. Mingine tunapewa tuiombee tu.

Alipofika Yerusalemu alikaa siku 3, akatoka usiku na watu wachache, akaukagua ukuta mpaka mahali ambapo mnyama aliyempanda hakuweza kupita. Wakuu hawakujua lolote. Ndipo akawaeleza, nao wakasema, tuondoke tukajenge. Itikio la watu wa Mungu lilikuja baada ya ukaguzi, na ukuta ukamalizika kwa siku 52.

Ila someni na sura ya 6, maana hapa ndipo wengi wanapoumizwa siku hizi. Shemaya alimwambia Nehemia wajifungie ndani ya hekalu kwa sababu wauaji wanakuja usiku. Ujumbe huo ulitolewa kama unabii. Nehemia akatambua kwamba Mungu hakumtuma. Alitambuaje? Yeye hakuwa kuhani, na torati ilimkataza asiye kuhani kuingia humo. Mungu hamtumi mtu kuvunja neno lake mwenyewe. Tena ujumbe ule ulimsukuma kwa hofu. Na nyuma ya Shemaya walikuwepo Tobia na Sanbalati, wapinzani wa ujenzi wa ukuta, waliomwajiri.

Basi ukiletewa neno, uliza hayo matatu: linakubaliana na Maandiko? Linanivuta kwa imani au kwa woga? Nani anafaidika nikilifuata? Mtu akikuambia Mungu amesema uuze kiwanja, au uolewe na fulani, kabla ya Ijumaa, liandike neno hilo kama lilivyo, ulipeleke kwa wazee wa kanisa walisome mbele yako, na uiache Ijumaa ipite.